Mawe ya Kilwa, Udongo wa Kasongo: Uhakiki wa Kipimo cha Mji wa Waswahili

Katika maandishi ya kitaalamu kuhusu Waswahili, neno "mji" limeshikamana na jiwe. Mji ni Kilwa, ni Gedi, ni Shanga, ni Songo Mnara. Ni msikiti wa matumbawe, kaburi la mnara, nyumba yenye ukumbi na kuta za chokaa. Kinachokosa mawe huitwa kijiji, kambi au kituo cha misafara. Kipimo hiki kimekubaliwa kwa muda mrefu kiasi kwamba ni nadra kuulizwa kilitoka wapi na kinamwacha nani nje. Msomi wa Kiswahili aliyeko Bukavu, zaidi ya kilomita 1000 kutoka Bahari ya Hindi, ana sababu ya kuuliza. Mojawapo ya njia kuu ambazo lugha hii ilipitia hadi kufika Kivu ni ile ya miji ya Maniema, hasa Nyangwe na Kasongo, nayo ilikuwa miji ya udongo. Ikiwa Kasongo haikuwa mji, basi Kiswahili cha mashariki mwa Kongo hakina mji wa kale nyuma yake; ni lugha iliyookotwa njiani. Hivyo ndivyo inavyosemwa mara nyingi, hata na wanaoizungumza.

Kasongo si mahali pa mbali kwa historia ya Bukavu. Hadi mwaka 1988 Maniema yote ilikuwa sehemu ya mkoa wa Kivu, na makao makuu ya mkoa huo yalikuwa Bukavu. Mwaka huo mkoa uligawanywa mara tatu, na Kasongo ikabaki Maniema. Lakini hata wakati mji huo ulipotawaliwa kutoka ufukoni mwa Ziwa Kivu, utafiti wa mambo ya kale haukuelekea huko. Kituo cha Lwiro, kilichoanzishwa mwaka 1947 kaskazini mwa Bukavu, kilijulikana zaidi kwa sayansi za viumbe, za ardhi na za binadamu. Kazi za Jean Hiernaux na Emma Maquet, zilizotoka mwaka 1957 na 1960, zilihusu vyungu vya zama za chuma katika Kivu, Rwanda na Burundi. Zilikuwa kazi za thamani. Ila ziliimarisha dhana kwamba chini ya ardhi ya bara kuna vyungu na matanuri ya chuma, ilhali miji ni mambo ya pwani.

Tongo, hame na gofu

Mahali palipokuwa na Kasongo ya kale huitwa Tongoni. Jina hili lastahili kuangaliwa kabla ya kuangalia ardhi yenyewe, kwa sababu Kiswahili kina maneno kadhaa ya mahali palipohamwa na maneno hayo hayalingani. Gofu ni jengo: pasipo kuta zilizobaki hakuna gofu. Hame na ganjo ni mahali, hata kama hapakubaki ukuta mmoja. Tongo ni la kundi hilo la pili, na lina ndugu zake ng'ambo ya Ruzizi, kwani katika Kinyarwanda na Kirundi itongo ni kiwanja kilichokuwa na makazi ya watu waliohama au waliokufa. Kusini mwa Tanga kuna Tongoni nyingine, maarufu kwa msikiti wake na makaburi yapatayo arobaini. Jina ni moja. Huku linaonyesha mawe, kule linaonyesha majani, vichuguu vya udongo ulioyeyuka na vigae.

Wataalamu walipotafuta neno la Kiswahili kwa ajili ya somo lao, walichukua gofu na kuyaacha yale mengine. Vitabu vya shule vinasema "magofu ya kale", mabango ya idara za mambo ya kale yanasema "magofu", na watalii huongozwa kwenye magofu. Uchaguzi huo wa neno haukuwa na nia mbaya, lakini umeamua mengi. Anayetafuta magofu hataliona tongo hata akisimama katikati yake.

Jiwe lilivyopoteza enzi yake pwani

Ni jambo la ajabu kidogo kwamba kipimo cha jiwe kilivunjwa kwanza na wale wale waliokuwa wakichimba mawe. James Kirkman, aliyeanza kazi Gedi mwaka 1948, na Neville Chittick, ambaye kitabu chake kuhusu Kilwa kilitoka mwaka 1974, waliichukua miji ya pwani kuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya wageni kutoka ng'ambo. Picha hiyo ilibadilika Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti midogo zaidi, mmoja juu ya mwingine, na ile ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Mji haukuanza na jiwe. Jiwe lilikuja baada ya watu kuwa wamekaa, wamesali na wamezikana hapo kwa vizazi kadhaa. Felix Chami naye, katika kazi yake ya mwaka 1994, aliwaunganisha wakazi wa pwani wa milenia ya kwanza na wakulima na wafua chuma wa bara.

Mwaka 1999 Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher waliliweka suala hilo wazi: wengi wa Waswahili wa kale waliishi katika nyumba za fito na udongo, na akiolojia ilikuwa haijawatafuta. Baadaye Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walipoichunguza Songo Mnara, walipima ardhi kwa mitambo kabla ya kuchimba, na katika viwanja vilivyodhaniwa kuwa vitupu wakakuta mabaki ya nyumba za udongo. Zilikuwa ndani ya ukuta wa mji, si nje yake.

Hapo ndipo ushahidi wa Ibn Battuta unaporudi na heshima yake. Msafiri huyo alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, zama zile zile za jumba la Husuni Kubwa. Aliusifu mji kuwa mojawapo ya miji mizuri kabisa, kisha akasema kwamba majengo yake ni ya miti na mapaa yake ni ya majani. Wasomi kadhaa walihangaika na maneno hayo. Walidhani kwamba alisahau au kwamba mnakili alikosea, maana macho yao yalikuwa yamejaa mawe ya Husuni Kubwa. Hawakufikiri sana uwezekano ulio rahisi zaidi, kwamba mtu aliyekwisha kuona Makka na Dameski aliweza kuuita mzuri mji ambao sehemu yake kubwa ilikuwa ya miti.

Suala la vinasaba nalo linaingia hapa, kwa kuwa limezungumzwa mno tangu Machi 2023, jarida la Nature lilipochapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 kutoka miji sita ya pwani na mmoja wa bara. Ilionekana kwamba wengi wao walikuwa na mababu wa Kiafrika, hasa upande wa wanawake, na mababu wa Asia, hasa wanaume wa Kiajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Matokeo hayo yanastahili kupokewa kwa uzito. Yamezipa masimulizi ya kale ya Kilwa kuhusu asili ya Shirazi heshima ambayo baadhi ya wanahistoria walikuwa wameziondolea. Lakini sehemu kubwa ya mifupa hiyo ilitoka katika makaburi ya watu wenye daraja, karibu na misikiti ya mawe. Kuyatumia majibu yake kuamua Mswahili ni nani ni kulirudisha jiwe mlangoni baada ya kulitoa dirishani. Aliyezikwa kando ya nyumba yake ya udongo hakuulizwa.

Mji uliojulikana kwa orodha ya nyara

Kasongo ya karne ya 19 inajulikana kwa maandishi ya aina mbili, na kila aina ina upofu wake.

La kwanza ni tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo makao yake kuanzia katikati ya miaka ya 1870. Aliiandika kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Heinrich Brode akaitoa kwa hati za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903, na W. H. Whitley akaitoa tena kwa Kiswahili na Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Kama nathari, ni mojawapo ya vielelezo vya kwanza na vyenye nguvu vya masimulizi ya mtu binafsi katika Kiswahili. Sentensi zake ni fupi, hazina mapambo, na husonga mbele kwa mwendo wa msafara. Na hapo ndipo lilipo tatizo lake kwa mtafutaji wa mji. Tippu Tip huhesabu pembe kwa frasila, huhesabu siku za njia, hutaja majina ya machifu na madeni ya wafanyabiashara. Mji kwake ni mahali pa kufikia, kupokea habari na kuondoka. Nani aliyesimamisha nyumba, nani aliyelima mpunga uliolisha maelfu, nani aliyefinyanga vyungu, msomaji haambiwi.

Yuko mahali pamoja ambapo kitabu hicho kinasema zaidi ya mwandishi wake alivyokusudia. Ni pale anaposimulia jinsi alivyojitambulisha kwa Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera, kuwa mjukuu wa binti wa ukoo huo aliyetekwa zamani, na jinsi alivyokabidhiwa utawala kwa hila hiyo. Anasimulia bila haya, kama mfanyabiashara anayeeleza faida aliyopata. Wahakiki wamekichukulia kisa hicho kuwa kielelezo cha ujanja wa mtu mmoja. Kinaonyesha pia kwamba enzi ya watu wa pwani huko Maniema ilihitaji lugha ya ukoo na ujomba ya wenyeji ili isimame. Bunduki peke yake haikutosha.

La pili ni kitabu cha Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la Francis Dhanis lililoiteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo. Kitabu hicho, kilichotoka mwaka 1897, kinastaajabia vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri waliyolalia hata askari wa kawaida, vikombe vya fedha, mishumaa na sukari. Kinasifu bustani za michungwa, mipera na mikomamanga, na mashamba ya mpunga na miwa. Maelezo haya hunukuliwa mara kwa mara kuthibitisha kwamba Kasongo ilikuwa na ustaarabu. Ni mara chache inapokumbukwa kwamba hiyo ni orodha ya nyara, na kwamba nyara huorodheshwa kutoka katika nyumba za wakubwa. Wakazi wa Bukavu, mji uliotekwa mwaka 1996, mwaka 2004 na tena Februari 2025, hawahitaji kufundishwa tofauti iliyopo kati ya maelezo ya mji na maelezo ya vilivyochukuliwa mjini.

Aidha, orodha hiyo ilitumikia hoja. Serikali ya Leopold ilikuwa imemteua Tippu Tip kuwa liwali wake huko Stanley Falls mwaka 1887; miaka sita baadaye ilivipigana vita dhidi ya mwanawe Sefu na wenziwe kwa jina la kukomesha utumwa. Waliopigana upande wa Dhanis walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika, wakiwamo watu wa Ngongo Leteta, aliyekuwa mshirika wa Tippu Tip kabla ya kugeuka. Naye alipigwa risasi na maofisa wa Serikali hiyo hiyo mnamo Septemba 1893. Katika mnara wa ukumbusho uliozinduliwa mwaka 1921 katika Bustani ya Cinquantenaire, Brussels, vita hivyo vimeandikwa kuwa ushujaa wa Wabelgiji. Brussels ilipata jiwe; Tongoni ilibaki na udongo.

Ni kwa sababu ya upofu wa maandishi hayo mawili kwamba uchunguzi ulioongozwa na Noémie Arazi, uliochapishwa katika jarida la Antiquity mwaka 2020, una umuhimu kuliko ukubwa wake. Uchunguzi huo uliunganisha uchimbaji wa Tongoni na masimulizi ya watu wa Maniema. Kazi ya namna hii haina urahisi. Mji ulidumu miongo michache tu, kwa hiyo tabaka zake ni nyembamba. Upimaji wa kaboni hauaminiki sana kwa vitu vya karne ya 19. Ukuta wa udongo, paa likishaanguka, huyeyushwa na mvua hadi ukawa kilima kidogo tu, na Serikali iliyoshinda nayo ilikaa hapo na kuacha takataka zake juu ya zile za waliotangulia. Mchimbaji anategemea mashimo ya nguzo, sakafu zilizopigwa, mafiga, ushanga, chupa na maganda ya risasi. Masimulizi nayo yanakataa kuwa upande mmoja. Watu hukumbuka kutekwa, kuuzwa na vijiji kuchomwa. Watu hao hao hukumbuka mpunga, ujenzi wa nyumba, mavazi, Uislamu na lugha.

Wasomaji wengine wangependa kumbukumbu hizo zichaguliwe, ibaki moja. Kwa upande mmoja wako wanaotaka Kasongo iwe Kilwa ya bara, fahari isiyo na doa. Kwa upande mwingine wako wanaosema kwamba mahali pa biashara ya watu hapastahili kuitwa mji wa Waswahili, bali ngome ya Waarabu. Kilwa yenyewe haiwezi kupita katika mtihani huo, kwani nayo iliuza watu. Tongo la Kasongo linatoa ushahidi usiowaridhisha wote wawili: mji uliojengwa na watumwa na wafuasi, mikono ikiwa ya Maniema, kwa mtindo wa pwani.

Waungwana wasio waungwana

Wafuasi hao walikuwa na jina, na jina hilo ndilo lililobaki katika lugha. Pwani, muungwana ni mtu huru, mwenye nasaba na adabu. Kinyume chake ni mtumwa. Huko Maniema, Waungwana, au Wangwana, walikuwa watu wa bara, wengi wao waliotekwa au kuzaliwa katika nyumba za mabwana, waliovaa kanzu, kushika bunduki, kuswali na kusema Kiswahili. Neno lilisafiri zaidi ya kilomita elfu moja likageuka tumbo juu. Hakuna kamusi ya pwani inayoweza kulieleza geuko hilo bila Kasongo, kwa sababu ni katika mji wa namna hiyo tu ndipo mtumwa wa bwana mmoja aliweza kuwa muungwana machoni pa kijiji cha jirani.

Kutokana na watu hao lugha ikaitwa Kingwana. John Whitehead na L. F. Whitehead, katika mwongozo wao uliochapishwa Wayika mwaka 1928, waliieleza kuwa lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Istilahi hiyo ilikuwa ya haki kuliko nyingi zilizofuata. Baadaye Kiswahili cha Kongo kilielezwa zaidi kwa yale kinachokosa: ngeli zilizopungua, upatanisho ulioregea, "batu" badala ya "watu", "niko nasoma" badala ya "ninasoma". Ni hoja ile ile ya jiwe, iliyohamishwa kutoka katika majengo hadi katika sarufi. Lahaja ya Unguja imefanywa ukuta wa matumbawe, na usemi wa Bukavu umefanywa kibanda kinachosubiri kujengwa upya kwa vifaa bora.

Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alionya kwamba historia ya Kiswahili cha Kongo isifanywe kuwa hadithi ya misafara peke yake. Utawala wa Kibelgiji, migodi na misheni vilikuwa na mkono mkubwa. Aliandika hasa juu ya Katanga, na onyo lake linafaa kuzingatiwa Kivu pia. Bukavu ni mji wa kikoloni, na Kiswahili chake kilikomaa katika kambi, masoko na shule za karne ya 20. Lakini onyo hilo lisitumiwe kuifuta Kasongo. Maofisa wa Kibelgiji hawakuibuni lugha. Waliikuta ikisemwa mjini walimoingia mwaka 1893, na waliosalia katika mji huo ndio waliowafanyia kazi ya ukarani, ukalimani na upagazi.

Kati ya watu wote wa miji ile ya udongo, wanaotajwa kidogo kabisa ni wanawake, na hao ndio akiolojia inaoweza kuwapa nafasi kubwa zaidi. Livingstone alikuwa Nyangwe mwaka 1871. Aliandika juu ya soko la mtoni, lililojaa wanawake waliokuja na samaki, kuku, mafuta na vyungu, na juu ya asubuhi ya tarehe 15 Julai, watu wa wafanyabiashara walipowafyatulia risasi. Waliouawa au kuzama Lualaba walikadiriwa kuwa kati ya 300 na 400. Jina la hata mmoja wao halikuandikwa. Katika miji ya kale ya pwani, sehemu kubwa mno ya vigae vinavyochimbuliwa ni ya vyungu vilivyofinyangwa papo hapo, ilhali kaure ya China, inayojaza makabati ya makumbusho, ni kidogo sana. Nyangwe na Kasongo hazikuwa na sababu ya kuwa tofauti. Umbo la mdomo wa chungu, mchoro wa shingoni, mchanga uliochanganywa katika udongo, vyote hivyo hupimika na kulinganishwa na vyungu ambavyo wafinyanzi wa Maniema wamekuwa wakivitengeneza baada ya hapo, na kwa njia hiyo huweza kujulikana ni vijiji vipi vilivyoulisha mji, vipi viliacha kuuletea vitu, na tangu lini.